Chokaa Tuliyopaka Shituru

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kofia ya njano ya meri, ofisi ya mji, kichwani, nilipomwondoa mjane katika nyumba yake. Watu husema ni wapwa wa marehemu mumewe waliomtoa. Ni kweli, lakini mimi ndiye niliyewafungulia njia.

Mpango ulikuwa wa mji: vijana wa sekondari wafundishwe uongozi na kuutumikia mji wao. Jumamosi asubuhi tulikaa ukumbini saa nzima tukielezwa maana ya kuwa kiongozi, kisha tukatawanyika na majembe na mifagio, kuzibua mitaro, kufagia soko, kung'oa majani kandokando ya reli. Niliupenda mpango ule kupita kiasi. Nyumbani nilikuwa mtoto wa nne kati ya saba, hakuna aliyeniuliza hata mboga gani ipikwe. Kule waliniita chef, yaani mkuu, na vijana kumi na wawili walisimama nikiwaambia wasimame. Kichwa kilivimba, sitaficha.

Rafiki yangu alikuwa katika timu yangu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, tukala bukari, ule ugali wetu, sahani moja, kwao au kwetu, bila kuuliza. Aliishi mtaa wa Shituru na bibi yake, ambaye sote tulimwita kambo, katika nyumba ya matofali ambayo babu, mfanyakazi wa reli, aliipata baada ya kuchakaa kazini. Wawili hao hawakuwa na mahali pengine duniani.

Kabla ya kufa, babu alichukua rangi nyeusi akaandika kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Kwetu maneno hayo utayakuta karibu kila mtaa. Huandikwa pale mwenye nyumba anapohofia kwamba ndugu watauza kwa siri. Mnunuzi akiyaona anajua kuna matata, anashika njia yake. Babu aliwajua wapwa zake. Alipokwisha kuzikwa walileta wanunuzi mara mbili, na mara zote mbili wanunuzi walisoma ukuta wakaondoka bila hata kugonga mlango.

Mwaka ule timu zilishindanishwa. Kila moja ipendezeshe barabara moja, na wakubwa wa meri wapite Jumamosi moja kuangalia. Sisi tulipewa barabara ya rafiki yangu. Nikamwomba mjomba wangu, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, anitafutie chokaa, tukaanza kupaka kuta zote za mbele. Hakuna mkubwa aliyetuagiza tupake kuta. Lilikuwa wazo langu mwenyewe.

Tulipofika kwao, rafiki yangu aliweka brashi chini.

“Chef, tuache aya maandiko. Kambo mwanaume njo aliandika, weye unajua.”

“Ukuta yote inapashwa kuwa mweupe,” nikamjibu. “Bakubwa banapita samedi. Kisha visite yabo kuisha, minye mwenyewe nitaandika tena.”

Tulibishana, wengine wakitusikiliza, na hilo ndilo lililonikaza shingo. Bibi akatoka ndani akijifunga kikwembe kiunoni. Aliangalia ndoo, akaangalia ukuta, mwisho akaangalia kofia yangu.

“Ni meri njo inasema?”

Ningeweza kusema hapana, kambo, ni mimi tu. Neno moja. Nilitikisa kichwa kukubali.

“Kama ni meri, basi, mupake,” alisema, akatuletea maji ya kunywa.

Tulipaka mara mbili, maana mara ya kwanza herufi zilikuwa bado zinaonekana.

Tulishinda. Nilipewa cheti, nikasimama mbele ya watu nikasema maneno marefu kuhusu kuutumikia mji. Kisha mitihani ikaja. Kila nilipopita Shituru nilijiambia wiki ijayo nitanunua rangi nyeusi. Rafiki yangu alinikumbusha mara tatu. Kisha akaacha kunikumbusha.

Bibi alikwenda kwenye kilio cha dada yake, akakaa huko juma zima na mjukuu wake. Waliporudi walikuta watu wanapima kiwanja. Wapwa walikuwa wameuza. Mnunuzi, mtu wa kutoka mji mwingine, alisema mbele ya majirani wote kwamba aliona nyumba safi, imepakwa upya, akaelewa kwamba imeandaliwa kuuzwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa mwezi mzima wa kuhama.

Nilichukua karibu mwaka kwenda kuwatembelea. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Kamatanda, na rafiki yangu alikuwa ameacha shule, anauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya mlango. Nilikuja kusema ukweli. Njia nzima niliyapanga maneno. Rafiki yangu aliniletea kiti, akakipangusa, akaniambia karibu, kama mgeni wa mara ya kwanza. Kwao sikuwahi kupewa kiti, tulikaa chini.

Bibi alifurahi kuniona. Hilo ndilo sikuwa nimejiandalia. Alinishika mikono yote miwili.

“Mwanangu, Mungu njo anakuleta. Weye uko na bakubwa kule kwa meri. Baambie, ni bao balisema tupake. Bakijua, batatusaidia.”

Rafiki yangu alisimama mlangoni akinitazama. Alikuwa anajua. Alikuwa ananisubiri niseme, na nadhani siku ile ningesema angenisamehe, si mara moja, lakini angenisamehe.

“Ndiyo, kambo,” nikasema. “Lundi nitaenda kubaambia.”

Yeye akageuka, akarudi kwenye makala yake.

Jumatatu sikwenda. Ningewaambia nini? Kwamba nilitumia jina lao? Jumatatu zilizofuata sikwenda pia, na Kamatanda sikukanyaga tena.

Sasa nina miaka ishirini na tano. Mwaka jana nilikutana na rafiki yangu sokoni, mtoto mgongoni, mfuko wa unga mkononi. Tulisalimiana. Sikuthubutu kuuliza habari ya bibi, akanipa mwenyewe. Bibi alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo.

“Kila lundi alikuwa anavaa kikwembe ya kanisa asubuhi,” alisema. “Anaikala inje. Anasema meri itatuma mutu.”

Nilimvuta kando ya meza ya muuza samaki.

“Haukumwambia kama ni minye?”

Alipandisha mtoto vizuri mgongoni, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

“Ningemwambia nini? Alikuwa anakupenda.”