Redio Ambayo Haijawahi Kuzama

Mwezi uliopita niliingia dukani Musoma mjini kutafuta redio ya nyumbani, ile ya kuweka mezani na spika zake mbili, isiyoumiza mfuko. Muuzaji alinitajia majina kama anayetambulisha ukoo wake. Hii ya Wajapani, haina maneno. Hii ya Wachina, dada, siku hizi siyo ile ya zamani. Hii jina lake geni, lakini inapiga. Nilimsikiliza, nikainama kutazama waya za nyuma, na kabla sijajizuia nikamuuliza ni ipi kati ya hizo imewahi kuzama ziwani. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Nikatoka bila kununua kitu. Tangu siku hiyo situlii, na naona heri nikusimulie wewe.

Nilikulia kijiji cha kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Murangi. Ilikuwa miaka ile ambayo duka la ushirika lilibaki na rafu na mizani tu, sabuni ikipangiwa foleni, sukari tukiisikia kwa jina. Tulikula ugali wa muhogo kwa samaki wadogo wa ziwani, furu na dagaa, tukashukuru. Redio ilikuwa moja kijiji kizima, ya katekista, nyeusi, ya Kijapani, iliyovuka mpaka wa Sirari imeviringishwa ndani ya blanketi. Siku moja mtumbwi wa katekista ulipinduka akitoka kusalisha ng'ambo, redio ikaenda chini. Vijana wakapiga mbizi wakaitoa. Akaifungua, akaianika juu ya majabali katikati ya dagaa. Siku ya tatu, na katekista hakuacha kukumbusha kuwa ilikuwa siku ya tatu, akatia betri na redio ikaongea. Kwa muda mrefu ilinuka samaki kila ilipopata joto.

Baada ya hapo jina lile likawa kama kiapo. Watu wasio na hata kiti cha kukalia walishajua watanunua redio gani siku wakipata. Ukitaja jina jingine unaulizwa, hiyo imewahi kufanya nini?

Bibi, mama yake baba, hakujali muziki wala taarifa ya habari. Alitaka matangazo ya vifo, yale yaliyosomwa kila alasiri. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa ameondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu na hakuwahi kuandika barua. Kwa hiyo bibi alikwenda kwa katekista kila siku, na alichofuata huko ni kutosikia. Akirudi alikuwa akisema, asipotajwa, basi leo amekula.

Kuanzia saa saba mchana nyumba yetu haikukalika. Bibi alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aligeuza muhogo mkeka mzima, akaugeuza tena. Alifunga kanga, akaifungua, akaifunga upya. Sisi watoto tulipishana naye kwa mbali, maana hata kikombe kikianguka alishika kifua. Kisha saa yenyewe ikifika, kwa katekista sauti ya mtangazaji ilikuja taratibu, haina haraka na mtu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Yakiisha bila jina la mwanawe, bibi alirudi nyumbani kwa hatua nyepesi na kuomba uji. Utulivu huo ulidumu mpaka kesho yake mchana.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, soko la Bunda lilifurika kama mto. Mitumba, sufuria zinazong'aa, saa zinazolia zenyewe, na redio za majina ambayo hakuna aliyeyajua. Baba alipouza pamba akaamua mama yake asitembee tena kwenda kusikiliza kwa watu. Bibi alimwagiza jina moja tu, lile lile. Baba akarudi na boksi, na ndani yake redio ya kijivu, kubwa, spika mbili, kijitaa chekundu, jina geni. Alieleza kwamba ile ya jina la katekista aliiona, lakini kwa bei yake angerudi bila redio na bila pamba. Muuzaji naye alikuwa ameapa kwamba hizi mbili ni ndugu, zimetoka kiwanda kimoja.

Bibi aliizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Imewahi kuzama?"

"Mama, ni mpya. Izame wapi?"

"Basi hujui inasemaga nini ikipata shida."

Mama aliifunikia kitambaa alichofuma mwenyewe, chenye maua ya manjano, na bibi akaendelea kwenda kwa katekista. Aliamini redio isiyo na sifa huchoka katikati ikaruka majina. Baba hakubishana. Lakini kila alasiri alifungua redio yake kwa sauti ya juu, akakaa mbele yake peke yake, kama anayeimba akingoja mtu aitikie. Nilimwonea huruma, halafu nilimwonea aibu, halafu tena huruma.

Ikaja siku ya mvua. Betri za katekista zilikuwa zimechoka, akazipandisha juu ya bati zipate jua zifufuke, kama tulivyofanya wote. Mvua ikazikuta huko huko. Bibi alikuta redio ya kuaminika imenyamaza, akarudi mbio, kanga imemgandia miguuni, akaingia ndani na kwa mara ya kwanza akaketi mbele ya ile ya kijivu. Baba alimpisha kiti. Ziwa lilikuwa limetiwa giza, radi zinakanyagana.

Tukasikia hivi: anasikitika kutangaza kifo cha mwanae. Radi ikapiga, redio ikakoroma. Kilichotokea huko Geita. Ikakoroma tena. Habari ziwafikie ndugu walioko Musoma, Bunda na Butiama. Kisha mtangazaji akahamia kwa marehemu mwingine, wa Tabora.

Bibi alimgeukia baba. Hakupandisha sauti.

"Umeninunulia redio inayomezaga watu."

Asubuhi tulitoka watatu, bibi, baba na mimi, nimebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani. Mpaka Murangi bibi alisimama kwenye kila nyumba yenye redio, na kabla ya kuuliza habari aliuliza jina la redio. Wenye majina mageni aliwashukuru akapita. Wenye jina zuri walisema radi iliwanyang'anya na wao, naye hakuwasadiki, akasema wanamficha. Mtu mmoja akamwambia baba kuwa Kiabakari yuko fundi asiyezima redio kutwa nzima. Tukadandia lori la dagaa. Njia nzima bibi hakuegemea kitu. Baba alimpa michembe, akaishika mkononi mpaka tuliposhuka.

Fundi alikaa chini ya kibanda cha mabati, mezani redio zimetumbuliwa, harufu ya risasi ya kulehemu imejaa hewani. Baba alieleza. Fundi akasema ndiyo, tangazo la Geita alilisikia lote.

"Ulisikilizia redio gani, mwanangu?" bibi akauliza.

Fundi akanyoosha bisibisi kwenye rundo la waya na spika moja, halina ganda wala chochote, linaimba taratibu pembeni ya meza.

"Hii, bibi. Ganda liliungua, jina likaenda nalo. Jana radi ilikuwa kwenu ziwani, huku hata wingu hatukuona. Hata ya katekista wenu ingekoroma."

Akataja jina la marehemu. Kijana wa Buswahili, na jina la mama yake. Bibi alimwomba mara mbili alitaje tena. Kisha akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, akanivuta, akanizungusha pale pale vumbini, akamshika baba mabega kwa mikono miwili. Baba alikuwa analia. Michembe ilimwagika. Halafu bibi akaniachia, akasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akauliza Buswahili ni umbali gani.

"Mama, hatuwajui watu wale."

"Sisi hatuwajui. Ila mimi nimecheza kwa msiba wao."

Tulipanda gari mpaka Butiama, kilichobaki tukatembea, na tulifika watu wakiwa wametoka makaburini. Kwetu mgeni wa msiba huingia akilia kwa sauti, lakini bibi aliingia kimya, akapita katikati ya wanawake mpaka alipokuwa mama wa marehemu, akapiga magoti mbele ya mkeka wake.

"Nimekuja kwa sababu nilifurahi," akamwambia. "Nilidhani ni wangu."

Mama yule akainua uso.

"Wako yuko wapi?"

"Sijui."

Akasogea pembeni ya mkeka.

"Basi kaa hapa."

Tulilala siku mbili. Kurudi, bibi hakwenda tena kwa katekista. Alisikilizia ya kijivu, na kila jina lililosomwa, la Lindi, la Kigoma, la pwani asikowahi kufika, alilijibu kwa sauti: pole, mama. Nasi tukazoea, tukawa tunajibu naye, nyumba nzima, mikono ikiwa kwenye kazi.

Jina la baba mdogo halikusomwa hata siku moja kati ya marehemu. Bibi alipofariki nilikuwa nimemaliza shule, na mimi ndiye niliyeandika tangazo. Kwenye orodha ya wale ambao habari ziwafikie popote walipo, nilimweka baba mdogo wa kwanza. Tulikaa mbele ya redio ya kijivu tukamsikia akitajwa, wazi, kwa mara ya kwanza, upande wa walio hai.

Tulimngoja siku tatu, kisha tukaondoa turubai la msiba. Siku hizi vifo huja kwa ujumbe wa simu, kila mmoja akisoma wa kwake na kuinamisha kichwa peke yake. Wa Lindi hatuwasikii tena, wala wao hawatusikii. Nyumba ile ya kando ya ziwa ina paa jipya na wapangaji wazuri, na alasiri ikifika, saa ile ya majina, wanapumzika.