Retreti ya Mama, Nyangezi, Wakati wa Mvua

Mama alitaka retreti, siku chache za sala kwa masista. Hakutaka daktari, hakutaka mashauri ya padri, wala kubembelezwa na mimi binti yake. Kaka yangu Désiré alikuwa amekwenda Kamituga kuuza nguo, na mfanyabiashara mwenzake akarudi na habari kwamba waliuawa watu njiani, kaka akiwa mmojawao, wakazikwa huko huko porini. Mama alikataa katakata tusikae kilio. "Sijaona kaburi. Désiré iko Kamituga," alisema. Ndugu wakija kutoa pole, aliwapa chai na kuwauliza habari za mashamba. Alikuwa halali, hali, amebaki mifupa mitupu. Niliogopa tutampoteza na yeye.

Retreti yenyewe sikuipinga. Nilipinga majira. Mimi ni karani wa chuo kikuu, napenda mambo yenye mpango, na kila mtu Bukavu anajua kwamba retreti ni ya kiangazi: barabara kavu, bustani ya masista inakalika, mtu unatafakari ukiota jua. Mama akanitazama.

"Kiangazi njo basoda banatembeaka. Tutaenda na mvua."

Hapo nilifunga mdomo, na mdomo wangu haufungiki ovyo. Ilikuwa vita ya pili ya nchi yetu, na barabara ikikauka hata wenye bunduki walipata njia.

Asubuhi ya safari tulipanda kamioneti kutoka Kadutu, mtaani kwetu, juu ya magunia ya chumvi, turubai moja kwa watu wote. Tulipopita Panzi, matope yakaanza kazi yake. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Kiatu changu cha ofisi kilibaki humo, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kukitafuta.

"Wee, unaenda ku retreti ao ku ndoa?" mama akaniuliza.

Abiria walicheka. Mimi nilitaka kulia kwa furaha, maana sikumbuki mara ya mwisho alitania lini. Askari hatukumwona hata mmoja.

Nyangezi tulifika mchana, tumelowa chapachapa. Alitupokea masere Régine, mtawa mfupi, mcheshi, msimamizi wa nyumba ya retreti.

"Karibuni, maman. Semeni yote sasa, kisha tunanyamaza mpaka misa ya mwisho."

Jamani, kunyamaza! Kula bugali na sombe bila neno, kupishana ukumbini bila hata salamu. Wengine walionekana wametulia. Mimi maneno yalinijaa kifuani.

Siku ya pili, baada ya chakula, mvua ilipiga mabati mpaka nyumba ikatetemeka. Nilimpelekea mama blanketi chumbani. Nilimkuta sakafuni, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, nami niliyesimama mlangoni sikusikia kitu. Akanivuta, akaniambia sikioni:

"Kule Kadutu nikilia, majirani batakuja, na bakikuja, mutoto atakuwa amekufa. Hapa mabati inanificha. Njo maana nilitaka mvua."

 Nikakaa chini karibu naye.

Kisha mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya kwenye milima yetu. Mama hakuweza kujizuia.

"Désiré we! Mutoto yangu we!"

Sauti ilivuka ua ikaenda mpaka migombani. Kwetu kilio kikisikika hakuna anayeuliza ni cha nani. Milango ikafunguka. Wenzetu wa retreti wakaja, wakakaa sakafuni. Akina mama waliokuwa wakipanda maharagi ng'ambo ya ua waliacha majembe, wakaingia na matope miguuni. Masere Régine alifika wa mwisho, nami nikajua atatukaripia kwa kuvunja ukimya. Alivua viatu, akakaa, akamshika mama mabegani, akaanza rozari kwa sauti.

Mama aliwatazama wote, uso kwa uso.

"Mumekuja," alisema. "Basi amekufa."

Moyo ulinipasuka. Nililia kama mtoto mdogo, na mwanamke nisiyemjua alinipangusa uso kwa kitenge chake.

Kesho yake padri alisoma misa ya wafu. Mama mwenyewe ndiye aliyetaja jina.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa limewaka, na karibu na mji tukakuta baryeri, kamba imevutwa barabarani. Askari, kijana tu, akauliza tunatoka wapi.

"Ku kilio ya mutoto yangu," mama akajibu. "Alikuwa anaitwa Désiré."

"Pole, maman."

Akashusha kamba. Tukapita.

Ofisini bado wananiuliza waende retreti lini. Nawaambia kiangazi, kama mnataka kupumzika. Lakini kama una mtu wako ambaye bado hujamlilia, nenda wakati wa mvua, na ikikatika, usijizuie.