Dada Alivyoteleza Amesimama

Mjukuu wangu ameniletea viatu vipya vya akala kutoka soko la Kariokor, na ile harufu ya tairi imenirudisha utotoni, mtaani Shauri Moyo, siku mvua ya mawe ilipoufanya mteremko wetu mweupe pe. Chini kulikuwa na mto na miamba, kwa hivyo sisi tuliteleza tumekalia mabati, miguu ikiwa breki. Dada yangu alipaka ubao sabuni, akajifunga miguu juu yake kwa mipira ya tairi, akavaa sufuria kichwani.

"Msichana hawezi!" wavulana wakamcheka. Majina yao yote ninayo.

"Tokeni njiani, nisiwaue."

Jamani, alishuka amesimama wima! Karibu na mto akajitupa ubavu, sufuria ikagonga jiwe.

Akainuka anacheka.

Aliyemcheka zaidi akasogea polepole. "Dada, nifunge na mimi kwenye ubao."