Samaki Hana Shangazi

Nyamburi wa Murangi hasahau. Nakwambia mapema. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, atakupa pole yeye. Ukimkanyaga kwa kusudi, atanyamaza, atakwenda kulisha samaki wake, na hapo ndipo uanze kuogopa.

Ni mwanamke mfupi, miguu imara, darasa la saba kama mimi. Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe kule Suguti. Aliolewa hapa kwetu Murangi na mvuvi, wakamzaa Evance, kisha mvuvi akafa kwa kifua. Ndugu wa marehemu wakaja kutaka kumrithi. "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na ukoo mzima," akawaambia, akafunga mlango. Hakurithiwa, hakutakaswa ujane kimila. Watu walimeza, lakini hawakusahau.

Tulikuwa kikundi cha watu kumi na wawili wenye vizimba, yale mabwawa ya nyavu yanayoelea ziwani. Vifaranga wa sato tulinunuaga kwa Revocatus wa Kabasa, pale Bunda mjini. Mwanaume wa mashati ya pasi kali. Alikuwa anatuambiaga mbegu yake imeboreshwa, ya kisasa, haina mfano mkoa mzima wa Mara. Na sisi tukaamini pasi.

Mwaka juzi samaki wetu wakadumaa. Miezi sita, bado wametoshana na kiganja cha mtoto. Wa Nyamburi ndio waliokufa kwa wingi, wanaelea asubuhi kama maganda. Waliobaki wamepinda mgongo, na wengine hawana kifuniko cha shavu, matamvua yako nje mekundu.

Nyamburi akamwita Revocatus. Alikuja kikundini siku ya mkutano, hakuinua samaki hata mmoja kumtazama. Nyamburi akamuuliza mbele ya watu:

"Wazazi wa hawa samaki uliwabadilisha lini?"

"Niwabadilishe kwa nini?"

"Angalia migongo. Yote imepinda mahali pamoja. Baba yangu hakuacha dume mmoja zizini apande mpaka binti zake. Alikuwa anabadilishana na watu wa Butiama. Wewe hawa umewaozesha kaka na dada."

Revocatus akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama Evance, samaki si ng'ombe. Samaki hana shangazi!"

Tukacheka wote. Halafu akaacha kucheka, akatugeukia sisi. "Mbegu yangu nzima. Lakini nyie mnajua mila zenu. Mjane ambaye hajatakaswa anaingia majini kila asubuhi. Samaki watapona?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti wetu, mzee Bernado, akaomba wanaotaka Nyamburi atoke kikundini wanyooshe mikono. Ikanyooka tisa. Wangu ulikuwemo, sifichi. Niliogopea kizimba changu.

Nyamburi alituangalia mmoja mmoja. Kisha akamwambia Revocatus, taratibu kabisa, "Hayo maneno utayameza hapa hapa uliposimama."

Hakulia. Alikwenda Musoma kumtafuta Tabitha, dada mmoja mtaalamu wa samaki, naye akampa vichupa vya spiriti. Nyamburi akakata vipande vya mapezi ya samaki wake, hamsini, kila kimoja na chupa yake, vikapelekwa kupimwa vinasaba. Majibu yalichukua miezi. Yalipofika, Tabitha alimsomea: samaki wote hamsini wametoka kwa wazazi wachache mno, na wazazi wenyewe ni ndugu. Damu imejirudia mpaka imechoka, ndiyo maana hata ugonjwa mdogo unawamaliza.

Mimi ningeikimbiza karatasi ile kikundini siku hiyo hiyo. Yeye aliitia sandukuni, chini ya Biblia. "Karatasi atasema nimeitengeneza," alimwambia Tabitha. "Mimi nataka mdomo wake."

Akachimba mabwawa Suguti, kwenye shamba la baba yake. Sato wa kuzalisha akawatoa sehemu tatu tofauti, kila ukoo na wavu wake. Kila msimu madume wa wavu wa kwanza wanahamia wa pili, wa pili wanahamia wa tatu, wa tatu wanarudi wa kwanza. Ya ng'ombe wa baba yake yale yale, ila majini. Vifaranga wa kuuza anawalisha dawa wakiwa wadogo kama mbu, wanageuka madume matupu, maana dume hukua haraka. Jike nguvu zake zinaishia kwenye mayai.

Mwaka haukuisha, wateja wa Revocatus wakaanza kupanda gari kwenda Suguti. Naye akaitaka mbegu ile. Kuja mwenyewe akaona aibu, akamtuma kaka wa mkewe, anaitwa Kwangu, ajifanye mfugaji wa kawaida ametoka Butiama. Lakini mapipa aliyobeba yalikuwa na rangi ya bluu ya Kabasa. Nyamburi aliyajua tangu yakiwa mbali.

"Unataka wa kula au wa kuzalisha?" akamuuliza.

"Wa kula, mama."

Akamuuliza tena. Wa kula. Mara ya tatu, wa kula. Akaandika kwenye risiti: *madume matupu, wa kula*. Kwangu akatia saini bila hata kuisoma, akaondoka anapiga mluzi.

Revocatus akamwaga samaki wake wote wa zamani wa kuzalisha, akakausha mabwawa, akawaweka wale wapya. Aliwalea kama wakwe. Miezi sita chakula kizuri, akisubiri mayai. Alipowakamata kuwakagua, dume. Huyu dume. Yule dume. Bunda nzima hana jike hata mmoja.

Akaja Suguti na shati lisilo na pasi. Nyamburi alikuwa anamwaga chakula bwawani, hakugeuka. "Jumamosi, Murangi, kikundini," alimwambia. "Hapa siongei."

Jumamosi akasimama pale pale. Jasho linamtoka. "Mbegu yangu ndiyo ilikuwa mbovu," akasema. "Sikubadilisha wazazi miaka saba. Huyu mama hakuwa na kosa, wala ujane wake." Mzee Bernado akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Nimesikia," Nyamburi akasema.

"Basi mama, nisaidie hata majike ishirini."

"Majike ya nini, Bwana Revo? Samaki wako si hawana shangazi? Basi wakae hivyo hivyo bila wake."

Akachukua kanga yake akaondoka. Revocatus alifunga mabwawa kabla ya mvua za masika.

Kikundi tulimwomba arudi, akakataa. Sasa tunamfuata Suguti na ndoo zetu, na sisi wale tisa tunahudumiwa mwisho, baada ya wageni wote, hata wakifika jioni. Juzi nimekaa juani tangu asubuhi, nikamuuliza, "Mama Evance, adhabu hii mpaka lini?"

Hakuinua macho kutoka kwenye wavu. "Nilikutazama siku ile nikingoja uushushe huo mkono," akasema. "Hukuushusha. Subiri zamu yako."

Nikasubiri.