Binti wa Muuza Nyama

Baba yangu aliuza nyama sokoni Bukavu tangu kabla sijazaliwa. Mtaani kwetu wengi walikula nyama siku ya sikukuu, sisi tulikula siku yoyote. Wageni walipenda kutufikia saa za mchana, na mama hakuwahi kuhangaika awape nini. Kwa hiyo nilipoacha kula nyama huku Brussels, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto, nilijisikia kama mtu aliyebadili jina la ukoo bila kuwauliza wenyewe.

Ilianza na ndama. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Woluwe-Saint-Lambert, na siku hiyo nilikuwa na mapumziko. Mwalimu wa binti yangu alikuwa anatafuta wazazi wa kusindikiza darasa kwenye shamba la wanyama nje kidogo ya jiji, nikakubali. Watoto walikimbilia sungura. Mimi nikaegemea uzio wa ndama, na mmoja akaja akaanza kunyonya mkono wa koti langu. Nilipomsukuma akarudi. Nikamsukuma tena, akaweka kichwa chake chote mkononi mwangu na kunitazama. Nikacheka hadi mwalimu akageuka.

Utotoni mbuzi walifungwa nyuma ya nyumba yetu wakisubiri zamu yao. Mimi ndiye niliyewapelekea maganda ya ndizi, na nilikuwa nimejizoeza kutowaangalia usoni. Yule ndama nilimwangalia.

Jioni, kwetu Evere, nilifungua friji nitengeneze mipira ya nyama ambayo binti yangu anaipenda, nikaifunga tena. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilijua tu kwamba sitaki tena, kama mtu anavyojua kwamba ameshashiba. Nyama ile nikampelekea jirani wa ghorofa ya chini, nasi tukala viazi na mayai, binti yangu akaomba aongezewe.

Basi nikaingia kwenye raha ambayo sikuitegemea. Jumamosi nilikwenda Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, kununua lengalenga, mchicha wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikarudi ndani ya basi na mfuko umenijaa mapajani kama mtoto mnene. Nilijifunza kuunga sombe kwa karanga peke yake, bila samaki. Nilichoma uyoga mkubwa kwa pilipili na ndimu, nikaupeleka kazini ndani ya bakuli, na wenzangu wakawa wanauliza mapema zamu yangu ya kula ni saa ngapi.

Kanisani ndiko kulikokuwa na maswali. Maman mmoja wa kwaya alinishika mkono baada ya misa.

"Ni docteur amekukataza?"

"Hapana, maman."

"Uko kwenye maombi?"

"Hapana."

"Alors, ni nini?"

"Ni furaha tu, maman. Nikila hivi ninasikia furaha."

Akanitazama vile ninavyowatazama wagonjwa wenye homa, akasema ataniombea.

Lakini baba sikumwambia. Kwenye simu tuliongea kila kitu isipokuwa chakula. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa mezani Bukavu: anajipakulia maharage na majani, halafu anasukuma bakuli la nyama upande wetu. "Kuleni, batoto," alikuwa anasema. Shangazi yangu akija alituonyesha kwa kidole: "Munaona papa yenu? Anajinyima sababu yenu." Nilikua nikiamini kwamba kila kipande nilichokula kilitoka mdomoni mwa baba yangu. Sasa nimwambie sikitaki?

Kisha akapata viza ya kuja kututembelea msimu wa joto. Mama alibaki, alisema hawezi kuacha kuku wake. Siku baba alipofika nilimpikia kuku mzima kwa nyanya na vitunguu, pamoja na bugali, na kwa upande wangu maharage na lengalenga. Nilipanga kujaza sahani yangu haraka ili asione.

Aliona. Mtu aliyekata nyama maisha yake yote huona nani amechukua kipande gani.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "wewe hauchukue kuku?"

"Papa, niliacha nyama. Sili tena." Nikaeleza yote kwa pumzi moja: ndama, friji, uyoga. Nikasema nisamehe, najua ulivyojinyima kwa ajili yetu.

Aliangalia bakuli la kuku. Halafu akalisukuma polepole hadi mbele ya binti yangu, akavuta maharage yangu upande wake.

"Bon," akasema. "Miye sipendake nyama tangu zamani."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Asubuhi yote mikono yangu ilikuwa ndani ya nyama. Nikifika nyumbani nilitaka maharage tu. Kisha shangazi yenu akaanza kusema papa anajinyima. Nikaona, bon, ni heshima nzuri, niiache."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Nani atanunua nyama kwa muntu hakulake nyama?"

Tulimpigia mama hapohapo. Aliposikia alicheka hadi simu ikaanguka, tukasikia kuku wake wakilalamika. "Kumbe amesema!" akasema alipoiokota. "Miye nilipika sufuria mbili miaka yote, mulifikiri ni sababu gani?"

Sijawahi kula maharage matamu kama ya siku ile. Baba alikula kwa mkono, bila haraka, na kila baada ya tonge alitikisa kichwa na kutabasamu peke yake.

Jumapili iliyofuata watu wa kanisa walimwandalia karamu kwenye ukumbi wa parokia. Walileta mbuzi, kwa kuwa wengine walimkumbuka tangu Bukavu, na wakamwomba awakatie yeye mwenyewe. Alikunja mikono ya shati, akakipima kisu kwa kidole, na nyama ikaachana na mfupa kama inayomtii. Vijana walisimama kumtazama. Alifurahi kabisa, nami nilifurahi kumwona hivyo.

Chakula kilipoiva alinawa, akaja kuketi kando yangu, akajaza sahani yake lengalenga na uyoga niliokuwa nimeleta.

Mzee mmoja aliyekuwa mteja wake wa zamani akamsogezea sinia. "Papa, chukua nyama."

"Aksanti. Miye sikulake nyama."

Yule mzee akaweka sinia chini.

"Vraiment? Miaka yote ile uliniambia mbavu ndiyo tamu kupita zote!"

"Wewe ndiye ulisema ni tamu," baba akamjibu. "Miye nilikubali tu."

Kicheko kilianzia kwa yule mzee mwenyewe, kikazunguka ukumbi, na wanakwaya waliokuwa nje wakaingia kuuliza kuna nini. Mzee akavuta kiti chake akakaa kati yangu na baba, akaomba aonjeshwe uyoga. Wakaanza kukumbushana soko, mvua za Bukavu, nani alikopa na nani aliolewa, na hawakuinuka mpaka mwenye funguo za ukumbi alipokuja kusimama mlangoni.