Doa Nililolikwepa Miaka Minne

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Mama Penseli. Penseli ilikaa kwenye sikio lake la kushoto tangu asubuhi hadi saa ya kupika. Aliweza kuitafuta chumba kizima, kumbe imemkalia pale pale. Wateja walimwacha atafute. Walifurahi.

Mimi ni kinyozi. Kwa siku nakunja masikio thelathini, siku ikiwa njema hamsini. Kwa hiyo nyumba yetu haikupungukiwa na mtaalamu wa masikio.

Alipenda nywele fupi. Kila mwisho wa mwezi nilimnyoa uani, kwenye kiti cha plastiki. Siku moja nikaona doa jeusi juu ya sikio, pale inapolala penseli.

"Umejichora, mama watoto."

Akalowesha kidole kwa mate, akafuta. Halikutoka.

"Penseli nzuri hii," akasema. "Ningejua ningenunua mbili."

Mwezi uliofuata lilikuwepo. Basi nikajifunza kulikwepa. Wembe unakuja, unafika, unapinda, unapita. Lilianza kama punje ya mtama, likafika harage, kingo zimekwenda upande kama limechorwa na mlevi. Kila lilipokua, niliongeza kona. Miaka minne sikulikwangua hata mara moja. Nilijisifu kwa wenzangu.

Ushauri nao ulikuwepo tele. Dada yake alisema ni alama ya bahati. Muuza dawa wa mtaani alitupatia mafuta ya fangasi bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Asubuhi moja foronya ikawa na damu.

"Mzee, umenikata jana," akasema. "Mkono umeanza kutetemeka."

Nilikasirika. Si kwa ajili ya damu. Kwa ajili ya mkono wangu kusingiziwa. Nikampeleka hospitali ili daktari ashuhudie kwamba si mimi.

Daktari alikuwa binti, rika la mjukuu wetu. Akaliangalia doa kwa lenzi, akaminya shingo chini ya sikio.

"Babu, hamkuwahi kuliona hili?"

"Tumeliona, daktari. Mwaka wa nne huu."

"Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

Akaandika kitu. Sijui nini. Nafasi ya kuandikia ilikuwa ndogo, matusi yangeingia mawili tu. Lakini alikubali kwamba sikumkata. Nilishinda kesi yangu.

Wakatoa kipande, wakapima. Jibu likaja: melanoma, saratani ya ngozi.

"Jina zuri," mke wangu akasema. "Linafaa kitambaa cha gauni."

Daktari akaeleza kwamba sehemu ya juu ya sikio itakatwa, na tezi za shingoni zitatolewa.

"Na miwani yangu itashika wapi?"

"Bibi, tunazungumzia uhai wako."

"Na mimi nazungumzia sindano, mjukuu wangu. Bila miwani uzi hauingii."

Wakakata. Wiki ya tatu alikuwa kwenye cherehani, miwani ameifunga kwa lastiki aliyoishona mwenyewe, penseli imehamia kulia. Mwisho wa mwezi akakaa kwenye kiti chake uani.

"Leo huna kona," akaniambia. "Sijui ujuzi wako utaupeleka wapi."

Nikapitisha wembe moja kwa moja. Mkono ukatetemeka kweli.

Tezi zilikuwa zimeshabeba ugonjwa. Ukaingia kwenye mapafu. Alinitoka mwezi wa tisa tangu akatwe, kazi za watu zote zimekwisha isipokuwa suruali yangu.

Siku hizi kibandani kwangu nina vioo viwili. Mteja akiwa na doa sikioni, nazima mashine, namwonyesha.

"Mzee, nimekuja kunyolewa, sikuja kupimwa."

"Upande mmoja tayari. Wa pili uje nao pamoja na karatasi ya daktari."

Huondoka na nusu kichwa, wananisema njia nzima, wanamaliziwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kijana wa pale ana mkono mwepesi. Anajua kukwepa.

Jana mmoja alirudi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, plasta sikioni. Alivua kofia, akakaa.

Nikavaa miwani ya mke wangu nimalizie. Lastiki imelegea. Nimeipiga fundo tu, maana kushona sijui.