Pawa Saplai ya Bi Somoe

Bi Somoe, mjane kutoka Lindi, ana nyumba ya vyumba vya kupangisha huko Wazo, na mita ya luku ni moja kwa wote. Umeme ukiisha kabla ya wakati, anapita mlango kwa mlango kuuliza nani kachomeka nini. Kwa hiyo mpangaji wake Revelian, karani kijana wa Kihaya, aliposema anaunda kompyuta ya kuchezea gemu, na kwamba pawa saplai yake, kile kifaa cha kuilisha umeme, itakuwa ya wati mia sita na hamsini, Bi Somoe aliweka chini kisu cha kumenyea muhogo.

"Friji langu halifiki hata mia mbili," alisema.

Revelian alimweleza kwamba namba ile ni uwezo wa kifaa, si ulaji wake. Kompyuta huvuta kile inachohitaji tu. Sufuria kubwa, alisema, haimlazimishi mtu kupika mchele mwingi. Bi Somoe akajibu kwamba amelea watoto sita na hajawahi kuona sufuria kubwa ikapika kidogo. Revelian alikipenda chumba chake, basi akanunua ya mia nne.

Jumamosi moja Bi Somoe aliingia kukagua kama mtambo unapata moto. Alimkuta Revelian anaendesha lori kwenye skrini. Aliuliza linakwenda wapi, kisha akauliza breki iko wapi, kisha akakaa kwenye kiti. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori, na hakuwahi kumwachia usukani hata kwenye uwanja mtupu.

Tangu siku hiyo Revelian akirudi kazini humkuta mama mwenye nyumba kashatangulia mlangoni.

Ishu ilikuwa moja. Kila lori lilipoingia mjini na mvua ikaanza kunyesha, kompyuta ilizimika. Bi Somoe alishuku kwamba kijana ana swichi aliyoificha ili arudishiwe kiti chake. Akamwita Demetria, fundi cherehani wa chumba cha pili, akae kitandani amchunge miguu. Demetria alichunga, akaapa kwamba miguu haikusogea, na kompyuta ikazimika vilevile.

Ndipo Revelian alipopiga hesabu kwa sauti. Kadi ya picha peke yake inaweza kutaka wati mia mbili na ishirini, prosesa mia na kitu, na vidude vingine hamsini. Mvua ikinyesha kwenye gemu vyote vinataka kwa pamoja, na mia nne haiachi nafasi ya kupumua.

"Sasa wewe mwanangu, kwa nini ulinunua ndogo?" Bi Somoe aliuliza.

Revelian alitoa pochi, akaanza kuhesabu pesa.

Walikwenda Kariakoo pamoja. Muuzaji alitoa ya wati elfu moja, na Bi Somoe akaikumbatia papo hapo. Sasa Revelian ndiye aliyelazimika kumshika mkono: kwa mashine yao, ya elfu moja ilikuwa imepita kiasi, mia sita na hamsini ilitosha, ilimradi iwe ya kweli, kwa sababu zipo za bei rahisi zinazoandikwa namba kubwa ambayo haziwezi kuitoa. Bi Somoe alimgeukia muuzaji, akamuuliza kistaarabu kama hii ya kwake ni ya zile zinazosema uongo. Muuzaji alifikiri kidogo, akairudisha chini ya kaunta na kutoa nyingine ya mia sita na hamsini, yenye dhamana.

Nyumbani Demetria aliisoma namba kwenye boksi mara mbili, akamtazama mwenye nyumba.

"Mambo ya kompyuta hayo," Bi Somoe alimwambia. "Wewe nenda kashone."

Mvua ilinyesha kwenye skrini, lori likapita. Bi Somoe alipiga honi mji mzima.

Desemba Revelian alikwenda kwao Muleba kwenye harusi, na Bi Somoe akaomba aachiwe ufunguo ili chumba kisije kikanuka uvundo. Aliporudi alikuta sakafu imepigwa deki na shuka zimefuliwa. Alipowasha kompyuta, lori lake lilikuwa limepakwa rangi ya zambarau, na limeegeshwa katika mji ambao yeye hajawahi kufika.